Kundi Nililoliita Mwano

Mtaa wa Malambo,
Bariadi.
Jumatano, 13 Novemba 2024

Kaka yangu Method,

Shikamoo, na mwangaluka kwa wote waliomo humo nyumbani Lalago. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa unatembea vizuri, na mgongo ule umepungua, ingawa sijui utapunguaje kwa mtu anayelima kwa jembe la mkono msimu ambao amezoea kushika plau. Mayu mama yetu naye macho yake yanaendeleaje? Mwambie yale matone asiwagawie majirani, chupa ni ya mtu mmoja. Watoto nawasalimu wote, hata yule anayejificha uvunguni nikija. Huku Bariadi mimi mwili ni mzima, wateja wapo, mvua imeanza kugusagusa. Moyo ndio si mzima.

Utashangaa kwa nini barua na si simu. Utasema Elina ana kompyuta tatu dukani na bado anaandika kwa mkono kama mwanafunzi wa bweni. Ninayo sababu na utaiona. Nakuomba uisome mpaka chini kabla hujaanza kufoka, maana wewe nakujua na mimi unanijua, tumenyonya ziwa moja na hasira zetu ni ndugu. Mengine humu unayajua tayari, lakini nayarudia makusudi, kwa sababu nataka Jumamosi katibu wa sungusungu aisome mbele ya mkutano wote, na asiyejua kitu aelewe tangu mwanzo.

Unamfahamu Shifa, binti wa yule mzee muuza mabati, ambaye tumepanga naye fremu moja ya duka. Mimi nachapa na kutengeneza kompyuta, yeye anatengeneza simu. Mwaka jana tulichoka kuhangaika na programu. Mteja analeta printa ya zamani, kompyuta haiitambui mpaka upate programu yake. Unatafuta siku tatu, kumbe fundi wa Maswa anayo tangu mwaka juzi. Simu imekufa, inataka faili la kuiwasha upya, tena la modeli ileile. Kumbe lipo Itilima. Tukasema tufungue kundi Telegram, ambako faili kubwa zinapita bila taabu, mafundi wa mkoa mzima tupeane programu na kuulizana. Jambo jema, halina ubishi.

Ubishi ulikuja kwenye jina. Shifa alitaka tuliite Mafundi Simiyu, Programu za Simu na Kompyuta. Nilimcheka mpaka mteja akageuka. Nilimwambia hilo si jina, ni kibao cha ofisi ya mkoa, nani ataingia? Nilitaka jina lenye damu, nikaliita Mwano. Nikajiona nimepatia kwelikweli. Kwetu mwano ukipigwa hakuna anayeuliza kuna nini kwanza. Unaacha uji mezani, unachukua fimbo, unakimbia unakotokea ukelele, na asiyekimbia atajieleza kwa sungusungu. Nikawaza fundi akikwama apige mwano, wenzake wakimbie. Na pale kwenye maelezo, panapotakiwa kusemwa kundi linahusu nini, nikaandika kwa vidole vyangu: Karibuni wote, tusaidiane kwa kila jambo. Kila jambo, kaka! Shifa aliuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikamwambia aniachie, Wasukuma ni wa kwetu.

Basi wakaja. Mwezi wa kwanza tulikuwa mafundi arobaini. Kufika mwezi wa saba tulikuwa watu elfu moja na mia nne, na mafundi walikuwa walewale arobaini. Jina lilikuwa linaita na watu walikuwa wanaitika kama walivyolelewa. Ng'ombe amepotea Meatu, mwano. Mtoto hajarudi kutoka kisimani, mwano. Fisi ameonekana Mwamapalala, mwano. Mwanamke mmoja alipiga mwano kwamba mume wake hapokei simu, na wanaume ishirini wakaanza kumtafuta, wakamkuta kwenye kilabu cha pombe anacheza bao. Nilikasirika? Wala. Nilijivuna. Mara mbili ng'ombe walioibiwa waliokolewa kwa sababu ya kundi lile, mara moja fahali, nzagamba wa mzee wa Mwamapalala, na nilipopita sokoni watu walinishika mkono wakanishukuru, wabeja, mama wa mwano.

Lakini mafundi walikuwa wanakufa kimyakimya. Mwalimu Felisita wa Ipililo aliomba programu ya kuingiza matokeo ya mitihani, akajibiwa na picha za mbuzi. Aliomba mara nne. Mara ya tano akaandika kwamba anaaga, amechoka. Constantine, fundi wa Maswa, alituma faili la simu akalipa jina Dawa ya Zote. Nani angejua ni la modeli gani? Fundi mmoja akalitia kwenye simu ya mteja ambayo siyo, simu ikafa moja kwa moja. Wakagombana humohumo, katikati ya matangazo ya msiba. Shifa akaniambia sasa tuketi. Akasema kwanza tubadilishe jina, pili tuseme wazi kundi linapokea nini na halipokei nini, tatu tuwafungulie watu wa mifugo kundi lao na kuwaonyesha mlango, na baada ya hayo yote ndipo tufute kisichohusika. Alisema baba yake dukani ana kawaida moja: ukiandika ukutani duka la dawa na ndani unauza misumari, usimgombeze mgonjwa akiingia.

Nilikubali nusu. Na ile nusu niliyoikataa ndiyo iliyotuumiza. Jina sikutaka liguswe. Lilikuwa langu, watu walikuwa wananiita kwalo. Nikasema jina libaki, ila kuanzia Jumanne tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa kumi ni programu tu, atakayeleta ng'ombe nitamfuta. Niliandika tangazo hilo Jumatatu jioni, mara moja, kwa herufi kubwa, na likazama chini ya salamu na maombi kama jiwe kwenye lambo. Shifa alikuwa Mwanza kununua vioo vya simu. Nikaona hiyo ni nafasi yangu ya kusafisha nyumba kabla hajarudi na hekima zake.

Jumanne ile niliamka nikiwa na ufagio mkononi. Kwenye saa moja asubuhi nilikuwa nimeshafuta kama mia mbili. Niliona raha, kaka, nikudanganye kwa nini? Unagusa, kitu kinapotea kwa kila mtu, hakiachi hata alama. Nilikuwa nakunywa chai na kufuta.

Sasa yanayofuata unayajua kwa upande wako. Alfajiri hiyo zizi lako lilivunjwa na maksai wanne wakachukuliwa. Wewe ukafuata nyayo kuelekea upande wa Malampaka, kumbe wezi wamewazungusha kwa Mwamapalala. Na shemeji Masele, mume wa dada yetu Klementina, alikuwa anakuja Bariadi kwa pikipiki kuchukua betri ya sola ya mteja wake. Akawaona maksai barabarani, wanaswagwa na wanaume watano wenye mapanga. Akawatambua kwa sikio la kushoto lililopasuliwa mara mbili. Yeye peke yake, hakuna nyumba karibu, simu haina salio la kupiga, ina kifurushi cha intaneti tu. Na wewe una kitochi kisicho na intaneti, hata angekuandikia usingeona. Akapunguza mwendo, akawa anawafuata kwa mbali. Alisema mbele ya sungusungu kwamba aliandika kwenye kundi la Mwano, na kwamba aliwafuata saa nzima bila kupiga kelele kwa sababu aliamini watu wa mbele wameshasoma na wanafunga njia. Saa nzima alikuwa anasubiri vumbi la watu wanaokuja. Hakuja mtu. Alipoona wanakata porini ndipo akakimbilia kitongoji cha karibu akapiga mwano kwa mdomo, na hapo walikuwa wameshapotea.

Wakamuuliza ujumbe uko wapi. Akafungua simu, haupo. Wakakagua simu za watu wengine waliomo kwenye kundi, haupo. Ndipo maneno yakageuka. Mtu anaona ng'ombe wa shemeji yake wanaswagwa, anafuata saa nzima kimya, halafu anataja ujumbe ambao hakuna binadamu aliyeuona. Huyo ni shemeji au ni mwenzao? Hata wewe kaka ulisema hivyo. Nilikusikia kwenye simu, ulisema Masele ameuza jembe lako. Sikulaumu, ningekuwa wewe ningesema mabaya zaidi. Na sasa Jumamosi mkutano unaamua kumtenga. Asisalimiwe, asiombwe moto, asichotewe maji, mke wake akijifungua asiwepo wa kumshika mkono. Baba ameshasema siku hiyohiyo Klementina anarudi nyumbani na watoto, maana binti yake hatakaa kwenye nyumba ya mwizi.

Kaka, Masele aliandika.

Aliandika saa moja na dakika kumi na mbili. Niliuona ujumbe wake unaingia. Ulianza na neno Mwano, halafu maksai wanne, halafu alama ya sikio, halafu njia, halafu walio mbele wafunge. Mimi sikufika kwenye sikio. Niliishia kwenye maksai wanne, nikasema hawa watu hawasikii, nikafuta. Laiti ningesoma neno moja mbele! Sikio lile nalijua, mimi ndiye niliyeshika kamba siku mnawatia alama, na yule mwekundu alinipiga teke la goti.

Na ningeomba niishie hapo, niseme ni haraka, ni bahati mbaya, kila mtu hukosea. Shifa nilimwambia hivyohivyo na akanihurumia. Lakini haikuwa mara moja. Baada ya dakika mbili Masele, alipoona wa kwanza umetoweka, aliandika tena, bila shaka akitumaini kuna waliowahi kuusoma. Ujumbe wa pili ulikuwa mfupi na niliusoma mpaka mwisho. Uliandikwa: Elina shemeji usifute, ni wa kwenu. Basi. Ni wa kwenu. Nilielewa, au nusu yangu ilielewa. Lakini nusu nyingine iliona mwanaume ananiamrisha mbele ya watu elfu moja na mia nne siku ya kwanza ya sheria yangu, tena shemeji, na nikasema nikimwachia yeye kesho wote watasema ni wa kwao. Nikaufuta. Nikamfungia asiandike kwa siku nzima. Kisha nikamalizia chai.

Nilijua saa nne uliponipigia. Ulisema maksai wanne. Nilirudi kwenye simu kumfungulia Masele, nikaona nikimfungulia ataandika yote yaliyotokea na watu watajua, nikamwacha amefungwa mpaka kesho yake. Unaona, kaka? Kila nilipotakiwa kusimama nilipiga hatua nyingine.

Na bado kuna kubwa kuliko hilo. Wiki iliyofuata katibu wa sungusungu alinipigia simu, akaweka sauti kubwa ili wazee wasikie. Akaniuliza kwa adabu kabisa: binti, wewe ndiye msimamizi wa kundi, je, siku ile uliona ujumbe wa Masele? Nilikuwa na mteja mbele yangu. Nilisema sikumbuki ujumbe wa namna hiyo. Nilisema kwa sauti nzuri, sauti ya dukani. Hilo ndilo lililomwangusha Masele.

Juzi Klementina alinipigia analia. Hakuja kunilaumu, hajui chochote. Alinieleza kwamba siku ile ya simu Masele alikuwa amekaa palepale kwenye benchi na alinisikia. Wazee wakamgeukia wakamuuliza, haya, unasemaje? Yeye akasema basi labda haukwenda, labda mtandao ulikuwa chini. Kaka, mtu yule anajua nimefuta. Anajua nilisoma jina langu. Alikuwa na kinywa cha kunitaja na hakunitaja, hata kwa mke wake. Alimeza fedheha yangu akaifanya yake kwa sababu mimi ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, na hakutaka wazee waseme binti wa Ng'wana Salu ni mwongo. Na mimi binti wa Ng'wana Salu nilikuwa nimekaa Bariadi nachapa vyeti vya watu. Sikulala siku hiyo wala kula. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema; nilifuta miano ya watu mia mbili bila kushtuka, mpaka ulipofika wa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo nimeamua, na hakuna wa kunigeuza. Shifa nimemweleza yote jana, pamoja na ule ujumbe wa pili. Akaniuliza nataka kufanya nini, siyo nataka kusema nini. Ndiyo tukafanya.

Jina la Mwano nimeliondoa kwenye kundi la mafundi. Nilimpigia mzee mmoja wa sungusungu wa hapa Bariadi nikamwomba radhi kwamba nilichukua neno la watu nikalifanya urembo wa duka. Tumefungua kundi jingine linaloitwa Mwano wa Mifugo Simiyu, wasimamizi ni makatibu wa sungusungu wenyewe, kila wilaya mmoja, na mimi simo hata kama mjumbe. Humo ni wizi wa mifugo tu: idadi, alama, mahali, njia wanayoelekea. La mafundi tumelikata vipande vitatu, na majina ni yale ya Shifa yaliyokauka kama kibao cha ofisi: Simiyu Programu za Printa na Kompyuta, Simiyu Faili za Kuwashia Simu, Simiyu Programu za Matokeo ya Shule. Mtu akisoma anajua aingie au apite. Faili halipokelewi bila jina la modeli na tarehe, na Constantine amekubali kulituma upya lile faili la Dawa ya Zote kwa jina lake halisi. Juu ya kila kundi pameandikwa linapokea nini, halipokei nini, na la tatu, ambalo Shifa alilisema tangu mwanzo: ukiwa na jingine, nenda wapi. Aliyepotea njia anaonyeshwa njia kabla hajafutiwa neno. Na hakuna msimamizi anayefuta peke yake, ni wawili, wa pili asome mpaka mwisho. Mwalimu Felisita amerudi leo asubuhi na programu yake ameipata kwa dakika sita. Nilitamani kufurahi nikashindwa.

Hayo nimeweza kuyatengeneza kwa vidole. La Masele linataka miguu. Ijumaa nitakuja na basi la mchana, na Jumamosi nitasimama mbele ya mkutano mimi mwenyewe. Lakini najijua. Naweza kufika pale, nikaona uso wa baba, nikaanza kulainisha, nikasema nilikuwa na haraka, nikaacha ule ujumbe wa pili. Ndiyo maana ya barua. Simu nimeshaitumia kudanganya mbele ya wazee walewale. Karatasi hii ina mwandiko wangu, itatangulia kufika, na siwezi kuifuta nikiwa huku.

Faini nitozwe mimi. Mtamba wangu aliyeko zizini kwako ni wa mkutano, wasimuulize Masele hata kuku. Kama ni kutengwa, nitengwe mimi, miaka watakayosema. Maksai sina uwezo wa kukurudishia wanne kwa mpigo, na sitakudanganya kwamba ninao, lakini msimu huu nitakuja kila Jumamosi na Jumapili kushika jembe mpaka pamba ipandwe. Usiniambie nimesahau kulima. Mikono italia siku mbili halafu itanyamaza. Ukinikasirikia, kasirika, ni haki yako na nitaipokea. Ila naomba jambo moja lisisubiri Jumamosi wala lisinisubiri mimi. Ukimaliza kusoma, vaa viatu, nenda kwa Masele. Usimpeleke mtu. Mwambie umejua. Wiki tatu sasa anapita mbele ya nyumba yako akiinamisha kichwa kwa kosa langu.

Msalimie sana mayu, na baba mwambie nitampigia magoti nikifika. Klementina mpe pole ila usimweleze mengine, hilo niachie nimwambie mwenyewe macho kwa macho. Kasmiri, anayeshusha bidhaa Lalago kila Alhamisi, ndiye atakayekukabidhi bahasha hii. Mpe maji ya kunywa, ametoka mbali. Mungu awalinde mpaka tuonane Ijumaa.

Ni mimi mdogo wako,
Elina Salu

N.B. Mwambie katibu asiruke pale Masele alipoandika jina langu. Apasome mara mbili.